Funguo Ndani ya Kopo la Maziwa

Juzi Jumamosi, saa nne usiku, nilikuwa na funguo saba ndani ya kopo. Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga, lile kubwa, nimeliweka juu ya friza nyuma yangu, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki hata ajinyooshe vipi. Tano za motokari, mbili za pikipiki. Ya nane ilikuwa bado mfukoni mwa bwana mmoja aliyekwisha kuimba wimbo uleule mara tatu, na huyo ndiye aliyeninyima raha.

Nina nganda, yaani baa ndogo, mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Si kubwa: meza tisa za plastiki, friza mbili, jenereta inayokohoa kila umeme ukikatika, na ubao mweusi wa kuandikia madeni. Mwisho wa 2008 bei ya shaba ilianguka, kampuni nyingi za madini zikafunga milango Katanga, na baba watoto akarudi nyumbani na kofia yake ya mgodini chini ya kwapa. Nikauza cherehani, nikanunua friza ya kwanza, 2009 nikaanza. Kwa hiyo mkinisoma hapa nalalamikia ulevi, mjue anayelalamika ni muuza pombe. Karo za watoto wanne zimetoka kwenye povu.

(Wasomaji wa Dar na Mombasa mnisamehe. Kiswahili changu kimefundishwa na redio na madereva wa lori wa Kitanzania wanaopanda kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nyumbani tunasema kingine kabisa.)

Kopo lilianza 2016. Kabla ya hapo mteja alikuwa anaondoka kama alivyokuja, na mimi nilikuwa nahesabu chupa tupu, si hatua zake. Kulikuwa na shofere wa taksi tuliyemwita Papa Mapasa kwa sababu mke wake alimzalia mapacha. Mtu wa heshima, halipi kwa deni, anamwamkia hata mtoto. Siku ile ya mwezi wa nane alikaa tangu saa kumi alasiri, akanywa chupa nne kubwa, akalipa, akaondoka. Nilipokwenda kufuta meza nikaona funguo zake ziko chini ya kifuniko cha chupa. Alikuwa amezisahau.

Nilikimbia nyuma yake kumpelekea.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi kabla ya leo. Nilimkuta anajipapasa mifuko karibu na motokari yake, nikamwambia, "Papa Mapasa, ungelala hapa leo!" Tukacheka wote wawili. Akaniambia aksanti mama, Mungu akubariki. Nikarudi kufuta meza.

Motokari zetu nyingi hapa usukani uko kulia, zimetoka Japani, zimepitia bandari ya Dar es Salaam, na sisi Kongo tunatembea upande wa kulia wa barabara. Anayetaka kupita basi lililosimama lazima atoe pua yote ya gari ndipo aone mbele. Mtu mzima wa akili zake hulifanya kwa kuomba Mungu. Papa Mapasa alilifanya na chupa nne kichwani. Mbele ya basi alikaa msichana wa miaka kumi na minne na beseni la mikate ya mafuta na taa yake ndogo ya kibatari. Nilisikia breki, halafu nikasikia kitu cha bati kikizunguka chini kwa muda mrefu. Ni beseni. Tulipofika mikate ilikuwa imetawanyika kwenye vumbi, na watu wengine, sijui akili za namna gani, walikuwa wanaikanyaga.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Alipona. Sasa ni mama, anapita mbele ya nganda yangu na mtoto mgongoni, na kisigino cha kushoto kinatupa kidogo nje. Ananisalimia vizuri. Hajui habari ya funguo.

Familia mbili zilikaa, zikaelewana juu ya pesa za hospitali, mambo yakaisha. Papa Mapasa aliuza gari. Mimi? Hakuna aliyekuja kuniuliza umeuza chupa ngapi, kuanzia saa ngapi, na ulimwonaje alipoinuka. Nilikaa wiki mbili nikingoja mtu mwenye daftari asimame mlangoni. Watu wa daftari walikuja, ndiyo, ila walikuja kwa ajili ya kodi.

Mdogo wangu yuko Texas, amepata kazi kwenye mgahawa. Nilipomsimulia akanyamaza kwenye simu, halafu akasema, "Yaya," yaani dada mkubwa, "huku ungepelekwa mahakamani." Nikadhani ananitania. Kumbe kweli, katika majimbo mengi ya Marekani, pamoja na Texas, aliyeumizwa na mlevi anaweza kumshtaki hata baa iliyoendelea kummiminia mtu ambaye kila mwenye macho aliona amekwisha kulewa. Yeye mwenyewe, kabla mwajiri hajamruhusu kupeleka bia mezani, alisomeshwa na kupewa mtihani: tazama macho ya mtu, sikiliza ulimi wake, tazama anavyoshika glasi, omba kitambulisho. Kitambulisho! Mtoto wake wa kiume ana miaka kumi na tisa, mrefu kama nguzo, ana kura na ana leseni ya gari, na hawezi kununua hata bia moja dukani hadi afike 21.

Hiyo ya 21 nimeipenda kwa namna walivyoipata. Kule kila jimbo lilikuwa na umri wake. Vijana wa jimbo la umri mkubwa walikuwa wanavuka mpaka kwenda kunywa kwa jirani, halafu wanarudi nyumbani usiku wakiendesha. Mwaka wa 1984 serikali kuu haikumkataza kijana moja kwa moja. Ilisema tu: jimbo litakaloruhusu aliye chini ya 21 kununua pombe, tutalikata sehemu ya pesa za barabara. Jimbo la South Dakota likaenda Mahakama ya Juu ya Marekani kulalamika, likashindwa 1987. Majimbo yote yakafuata. Nilimwambia mdogo wangu, kwetu dawa hiyo haiwezi kufanya kazi mpaka kwanza pesa za barabara ziwepo. Alicheka, lakini mimi sikuwa natania sana.

Maana sheria sisi tunazo. Sheria ya barabarani, namba 78/022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Mimi pia ni wa 1978. Tuko rika moja, na wote wawili tunaonyesha umri. Inamkataza mlevi kushika usukani. Sheria ya kulinda mtoto ni ya tarehe 10 Januari 2009, imezaliwa mwaka mmoja na nganda yangu. Inasema mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na inamwadhibu anayemwuzia mtoto pombe kali. Vizuri. Lakini katika miaka yangu yote ya kuuza sijawahi kuona kwa macho yangu, mtaani kwetu, kile kifaa cha kupuliza kinachopima pombe. Mchana shofere anaulizwa permi (leseni), anaulizwa asiransi (bima), anaulizwa karatasi ya gari. Pumzi yake hakuna anayeiuliza. Na usiku, pumzi inapokuwa na habari ya kusema, barabara ni tupu.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu wateja wangu hubishana nami hapo kila siku. "Moja tu, mama. Chupa moja haimwangushi mwanaume."

Jirani yangu ni muuguzi. Usiku mmoja bila wateja alichukua chaki, akafuta madeni ya watu wawili (walifurahi sana, niliyaandika tena kesho yake), akanichorea. Chupa yetu kubwa ni karibu senti-lita 72. Bia ya asilimia 5 maana yake ndani ya chupa hiyo kuna kama gramu 29 za pombe yenyewe. Zigawe katika mwili wa mwanaume wa kilo 70: zinakuja karibu gramu 0.6 kwa kila lita ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke mwisho kwenye 0.5, na kwa dereva kijana au mgeni wa usukani 0.2. Yaani ile "moja tu" imekwisha kuruka ukuta, kama ameinywa haraka na tumbo tupu. Mwanamke wa kilo 60 ndiyo kabisa, anapita 0.8.

Halafu akaandika mstari wa pili, huo ndio ulionikalisha chini. Ini linaondoa karibu gramu 0.15 katika kila lita ya damu kwa saa, zaidi au pungufu kidogo kwa mtu na mtu. Halina haraka. Chupa moja ni saa nne. Chupa nne ni saa kumi na sita. Niliangalia ubao nikamwona Papa Mapasa: hata kama angelala kwangu mpaka alfajiri, kama nilivyomtania, alfajiri angeondoka pombe bado imo kwenye damu.

Kahawa haisaidii. Maji ya baridi kichwani yanakupa mlevi aliyelowa. Bukari (ugali wetu) na samaki kabla ya kunywa vinachelewesha pombe kuingia kwenye damu, hilo ni kweli, ila ikishaingia haiko bukari ya kuitoa. Nimewaandikia hesabu hiyo pembeni mwa ubao, juu ya madeni. Wengine wanaisoma wakiwa na chupa ya tatu mkononi na kusema kwamba ini la Mkatanga ni tofauti.

Upande wa watoto ni mgumu zaidi, kwa sababu huko adui hana sura ya adui. Ni baba aliyechoka, amekaa uani, anamtuma mtoto: chukua chupa tupu, peleka kwa mama wa nganda, leta iliyojaa na ya baridi. Hapa kwetu bila chupa tupu hupewi iliyojaa, kwa hiyo mtoto anakuja ameikumbatia kifuani kama kitabu cha shule. Miaka saba, miaka minane. Nimewauzia kwa miaka mingi bila kufikiri. Nilikuwa naona mtoto mtiifu.

Jioni moja nilifunga mapema nikatembea kuelekea kwa dada yangu. Mbele yangu alikuwa mvulana niliyemwuzia dakika tano kabla. Alisimama penye kiza, nyuma ya kibanda cha mtu wa mkaa, akatoa kifuniko nilichomlegezea mimi mwenyewe (walikuwa wanaomba, "papa hana kifungulio"), akanywa povu. Moja, mbili, akafuta mdomo kwa mkono, akarudisha kifuniko, akakigonga kwa kisigino cha mkono kama fundi. Alikuwa ameyafanya hayo mara nyingi. Kisha akaendelea na safari akiimba.

Tangu hapo simwuzii aliyetumwa. Jumanne yake baba mmoja alikuja amevaa kandambili, chupa mkononi, hasira mpaka kwenye masikio.

"Mama, ule mutoto njo miye nilimutuma! Unakatala makuta yangu?" Makuta ni pesa.

"Makuta sikatali, Papa. Nakatala ule mwenye kuileta."

"Basi nitaenda pa mwengine."

Akaenda. Hatua thelathini kutoka kwangu kuna mwingine, na baada yake mwingine. Hapo ndipo ninapopata uchungu na mambo ya kampeni za "muuzaji, uwe na dhamiri". Dhamiri yangu imeniondolea wateja kumi na mbili, niliwahesabu, na mtoto yule bado anakunywa povu nyuma ya kibanda cha mkaa. Sheria ikinishika mimi peke yangu nitafilisika. Ikitushika wote wa barabara hii siku moja, hakuna wa kunikimbilia mteja. Ndiyo sababu muuza pombe anaweza kuomba abanwe.

Na bia, niseme ukweli, si kitu kikubwa mbele ya vile vipombe vikali vya bei ya biskuti. Dereva mmoja wa Kitanzania, mzee wa Mbeya, mnywaji wa soda tupu, ndiye aliyenieleza kwao walivipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Zambia, jirani zetu wa mlango wa pili, waliwatangulia: tujilijili, viroba vya kwao, walizikataza 2012. Wanafunzi walikuwa wanaziweka ndani ya soksi, kwenye mfuko wa shati, zinakaa kama sabuni ya sampuli. Mfuko mdogo, pombe kali tupu, pesa ya mapumziko ya shule inatosha. Viwanda vikahamia kwenye chupa ndogo za plastiki. Watu wa biashara hawalali. Hata hivyo mzee wa Mbeya aliniambia jambo ambalo nalikumbuka: kiroba mtoto alikificha ndani ya kiganja, chupa inatoa sauti. Mwalimu angalau anasikia.

Marufuku matupu nayo nayaogopa. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Wakati wa Wabelgiji bia mtu mweusi aliruhusiwa, divai na pombe kali za dukani zilikuwa za wazungu. Mizizi ya hayo ni mbali, kwenye mkataba wa Brussels wa 1890 uliobana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Babu alisema wanaume walikuwa wanakwenda porini Jumamosi na kurudi wakinuka moshi: walikuwa wamepika lutuku, gongo yetu. Lutuku bado iko. Inapikwa na wajane, bomba la shaba limepita ndani ya pipa la maji, na nusu ya wanafunzi wa darasa moja ninalolijua wanasomeshwa nayo. Mtu wa sheria akija na kuyapindua mapipa bila kumwuliza mjane karo atatoa wapi, atayakuta tena baada ya mwezi, mbali zaidi na barabara.

Halafu kuna munkoyo, na hapo ningependa kuona sura ya mwandishi wa sheria. Mama yangu aliupika kwa unga wa mahindi na mizizi. Munkoyo wa leo asubuhi ni mtamu, ni wa watoto, unanyweshwa hata mgonjwa. Wa kesho unauma ulimi. Wa kesho kutwa shangazi zangu walikuwa wanacheza ngoma nao. Kibuyu kilekile. Nilikunywa munkoyo nikiwa na miaka minne na sikulewa. Nilikunywa nikiwa na miaka tisa, siku ya tatu, msibani, nikalala chini ya meza. Sheria itapima kibuyu siku gani?

Mimi najua ninachotaka, na si kirefu. Muuzaji awe na kibali chenye jina lake, na kibali hicho kiweze kufungwa kama amemwuzia mtoto au amemmiminia mlevi mwenye funguo. Ajali ikitokea, anayeandika ripoti aandike pia: alikunywa wapi. Neno moja tu, wapi. Lingeandikwa 2016 ningetetemeka, na kopo hili lingekuwa kwenye nganda zote za barabara yetu kabla ya Krismasi. Kifaa cha kupuliza kije usiku, kisimame pale nganda zinapoishia na lami inapoanza, si mchana mjini.

Ehe, ya nane.

Bwana wa wimbo alikuwa na chupa nne tangu saa kumi na moja jioni. Nilimwambia leta funguo. Akasema, "Mama, unanifanya mutoto?" Nikamwambia mtoto ningemfukuza, wewe nakuweka. Watu wakacheka, naye akacheka, kicheko ndicho kilichomponza, akazitoa. Nikahesabu ubaoni: mpaka saa tatu asubuhi. Nikasema nitamwita motari, yaani kijana wa pikipiki ya abiria, ampeleke nyumbani, nalipa mimi, atanirudishia.

Motari akaja haraka, pikipiki mpya, taa ya kijani chini ya tangi. Aliponikaribia kuuliza bei nikanusa. Haikuwa bia. Ilikuwa ile kali ya chupa ndogo, inayonuka kama dawa ya kufuta rangi.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Makumi mbili, mama."

"Ulizaliwa mwaka gani?"

Akatazama juu, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole.

Nikanyoosha mkono. Alibisha, akaapa kwa mama yake, akasema pikipiki si yake, ni ya mtu, na mtu anangoja hesabu ya siku. Nilimpa sahani ya bukari, nikamkalisha karibu na bwana wa wimbo, ambaye alikuwa amekwisha kulala juu ya viti vitatu. Kopo likawa na funguo tisa. Saa tatu asubuhi mke wa bwana alikuja kumchukua akitoka kanisani, hakunisalimia. Kijana alikuwa ameamka mapema, ananifagilia ua bila kuombwa, na kila nikipita na kopo alikuwa ananitazama mkono.